Walii Aliyebaki Chini

Shamsi bin Haidari hakuwa na suti ya mpira ya kuzamia. Aliyoivaa ilikuwa ya klabu, ikambana tumboni na kumpwaya magotini. Hakuwa na miwani ya maji ya kwake, wala mapezi ya miguuni, wala mtungi wa hewa, wala ile saa kubwa ya mkononi inayomhesabia mzamiaji kina na dakika. Hakuwa na gari la kupandia milima. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, maana masomo yake yote aliyasoma usiku, baada ya kazi, mtu mzima mwenye ndevu aliyebanana kwenye dawati moja na wenzake wenye ndevu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Na juu ya miaka yake sitini na saba, hakuwa na ruhusa ya mkewe.

Mkewe, Mwanamvita, alijua kwamba siku za mapumziko za majira ya baridi mumewe huenda machimboni nje ya Firq pamoja na vijana wa klabu ya wazamiaji. Alijua pia kwamba kazi yake huko ni kugawa kahawa na kulinda viatu. Ndivyo alivyoambiwa, na kwa hivyo kila safari alimjazia birika kubwa, akamfungia mandazi ya watu kumi, akamwambia asikae kwenye upepo.

Machimbo yale zamani yalikuwa ya mawe ya marumaru. Wachimbaji walipofikia maji waliondoa mashine zao, na shimo likajaa mpaka nusu ya kuta. Wakati wa baridi, bahari ya Sur ikichafuka kwa upepo, na yenyewe iko mwendo wa saa tatu, wazamiaji wa Nizwa hujitosa hapo. Maji ni ya kijani na ni baridi ya kuuma meno, lakini mtu huona mbali: kuta zilizokatwa ngazi ngazi, ngazi ya chuma isiyokwenda popote, na lori moja lililoachwa mchangani milango wazi.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya taifa. Klabu nzima ilikuwepo pamoja na wake na watoto. Moto wa mishkaki uliwashwa tangu asubuhi, na bendera ndogo zilifungwa kwenye magari. Desturi ya klabu siku hiyo ni kushuka wawili wawili na kupiga picha wakiwa wameshika bendera juu ya paa la lori. Shamsi alishuka mara mbili. Mara ya kwanza yeye na Tamim, mkuu wa klabu, kijana wa miaka thelathini ambaye babu yake na baba yake Shamsi walikuwa majirani Malindi, Unguja. Mara ya pili alishuka kwa sababu katika picha ya mwanzo alikuwa amefumba macho.

"Ami Shamsi," alisema Tamim walipotoka, akimfungua mikanda ya mtungi, "picha ya safari hii macho yamekutoka kama chewa."

"Afadhali chewa. Mwanzo nilionekana maiti."

Watu walicheka, na Shamsi akacheka nao huku akitetemeka ndani ya taulo. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mke wa Tamim alimletea simu yake, ameishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto.

"Imelia mpaka imechoka, ami. Mara tisa. Ni Bi Mwanamvita."

Shamsi alipiga. Hakupata nafasi ya kutoa salamu.

"Baba Alyaa, uko wapi wewe? Milka ni leo."

"Milka Jumamosi, Bi Mvita. Tunamuozesha Jumamosi."

"Ilikuwa Jumamosi. Kuna mvua inakuja, redio wamesema, na njia ya jabali wanaifunga leo saa tisa kwa wanaopanda, na haijulikani lini wataifungua. Mkwe wako Maen anatakiwa kazini Duqm Jumapili. Na babu yake amesema yeye hana Jumamosi nyingi za kungojea. Wameomba iwe leo baada ya Alasiri. Nimewajibu ndiyo. Au ningejibu nini? Ndugu yako Khelef ameshatoka Maskati na gari lake. Anatungoja Birkat al-Mawz saa nane."

Shamsi alitazama mkono wake wa kushoto. Ile saa ya klabu ilikuwa imeacha kuhesabu kina. Sasa ilionyesha picha ya mlima, na chini ya mlima namba kumi na nane.

Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Alikuwa amelinakili jedwali lote la kanuni katika daftari lake, kwa kalamu nyekundu na nyeusi. Mtu aliyezamia hubaki na hewa iliyojificha ndani ya damu, na hewa hiyo hutoka taratibu akiwa amekaa mahali pa chini. Akipanda juu kabla ya wakati wake, humtoka kwa povu, kama chupa ya soda iliyotikiswa. Wengine huumwa viungo wakapona. Wengine hupooza. Kwa aliyezamia mara mbili, klabu inataka saa kumi na nane. Alikuwa amepiga hesabu: Alhamisi kuzamia, Jumamosi jabalini, katikati siku nzima ya akiba. Hesabu ilikuwa sahihi. Siku ndiyo iliyohama.

"Mpaka kesho alfajiri, saa kumi na nusu," alisema Tamim, ambaye alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo na kuuelewa wa pili. "Hupandi, ami. Kule Saiq kwa wakwe zako ni mita elfu mbili."

"Mimi ni walii wa binti yangu, Tamim. Baba ndiye anayeozesha."

"Najua."

"Wanaume wote wa jabali watakaa barazani kuningoja mimi niseme."

"Najua, ami. Hupandi."

Shamsi aliivua ile saa, akaipangusa maji, akamrudishia. Kisha alikusanya nguo zake, akalisahau birika la kahawa juu ya jiwe.

*

Alyaa, binti yao pekee, alikuwa mfamasia, na Maen alimfahamu kupitia dirisha la dawa, alipokuja mara tatu kuchukua dawa za babu yake ambazo angeweza kuzichukua mara moja. Watu wa Maen walikuwa watu wa jabali, wapole, wenye makomamanga na mawaridi, wenye Kiarabu kile cha zamani kinachotoka kooni bila haraka. Walipokuja kuposa walimkalisha Shamsi mahali pa heshima. Hakuna aliyemwuliza kwa nini matamshi yake yana harufu ya Unguja.

Lakini yeye aliyajua. Alifika Oman mvulana wa miaka kumi na minne, na sokoni Nizwa hata wavulana wenziwe walimwita aseme maneno fulani ya Kiarabu ili wacheke. Ndiyo maana alikwenda shule ya usiku, na ndiyo maana tangu posa ilipokubaliwa alikuwa akijisomea peke yake ndani ya gari yale maneno ya kuozesha. Nimekuozesha binti yangu Alyaa, kwa mahari tuliyokubaliana. Ni maneno machache. Alitaka yatoke kinywani mwake bila kovu, mbele ya watu wa jabali, mara moja tu katika maisha yake.

Alipoingia nyumbani, Mwanamvita alikuwa anafunga halwa katika mabakuli ya kupeleka.

"Uso wako una nini?"

"Nini?"

"Una duara. Nyekundu. Kuanzia hapa kwenye paji mpaka chini ya pua."

"Kilemba kimenibana."

"Kilemba kimekubana pua?"

Alyaa alitoka chumbani, mikono yake yenye hina ameinyanyua kama anaomba dua. Alimtazama baba yake, akazitazama nywele zake zilizolowana, akaitazama ile duara iliyoachwa na miwani ya maji. Mwanamvita aliitwa jikoni na harufu ya kitu kinachoungua, na mjadala wa kilemba ukaishia hapo.

Shamsi alioga maji moto, akavaa dishdasha mpya, akafunga kilemba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kilikaa upande. Kwenye kioo alijiuliza kama viungo vinauma. Haviumi. Alijiambia kwamba kanuni za namna ile huandikwa na watu waoga kwa ajili ya watu wazembe. Alijiambia kwamba Khelef ataendesha pole pole. Hayo yote alijiambia kwa sauti ya mtu anayesoma kitu ambacho hakukiandika yeye.

*

Birkat al-Mawz, chini kabisa ya njia ya jabali, magari yalikuwa yamejipanga foleni kuelekea kizuizi cha polisi. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya vilele. Shamsi aliliacha gari lake dogo chini ya kivuli cha duka la tende, na wote watatu wakahamia kwenye gari kubwa la Khelef.

Khelef alikuwa mdogo wa Shamsi kwa miaka mitano. Alisomea Uingereza kwa gharama ya serikali na alistaafu mkurugenzi. Alimpenda kaka yake na hakuacha kumchokoza.

"Kakaangu, leo umependeza. Umekariri maneno yako? Au niyaandike kwenye kiganja?"

"Endesha."

"Kama Kiarabu kikikukwama, kohoa tu, mimi nitaendelea."

"Khelef, endesha gari."

Foleni ilisogea. Polisi alikuwa akikagua matairi, anawaambia watu njia inafungwa saa tisa kamili. Magari matano mbele yao, kisha manne. Mwanamvita alikuwa anahesabu mabakuli ya halwa kwa sauti ya chini. Alyaa, aliyekaa nyuma ya baba yake, aliinama karibu na sikio lake.

"Baba," alisema kwa utaratibu, "maji ile ilikuwa baridi?"

"Maji yale yalikuwa baridi," Shamsi alimsahihisha, kama alivyomsahihisha tangu utotoni, na neno lilikuwa limeshatoka.

Mwanamvita aliacha kuhesabu.

"Maji yapi?"

Magari matatu mbele yao. Shamsi alikamata kitasa cha mlango.

"Khelef, simama pembeni."

"Tutapoteza foleni."

"Simama, nakwambia. Mimi sipandi."

Gari lilitoka kwenye foleni, na lililokuwa nyuma likapiga honi na kuziba pengo. Shamsi alishuka, akasimama kwenye kokoto na dishdasha yake mpya, akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati: damu, hewa, saa kumi na nane, lori, bendera, picha aliyofumba macho. Polisi aliyekuwa karibu aligeuka kusikiliza. Watu wa magari mengine walishusha vioo.

"Tangu lini?" aliuliza Mwanamvita kutoka ndani ya gari.

"Baridi ya mwaka jana."

"Baridi mbili."

"Ndiyo."

"Baridi mbili nakuchemshia kahawa ya kulindia viatu."

"Kahawa ilinywewa, Bi Mvita. Kila mtu anaisifu."

Khelef alianza kucheka, akamwona kaka yake, akaacha. "Lakini kakaangu, yaani kweli, nani atajua? Ni dakika arubaini kupanda. Unakaa, unasema maneno yako, tunashuka. Watu wazima wanakungoja."

"Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia tangu asubuhi."

"Basi?"

Alyaa ndiye aliyejibu. "Basi akipooza barazani kwa watu, ami? Niwe na milka na matanga siku moja?" Sauti yake ilikuwa kavu, sauti ya dirisha la dawa. Kisha ikalegea. "Nilikuwa namtaka awepo. Khalas, yameisha. Lakini namtaka na kesho."

Nyuma yao pikapu la kijivu lilisimama na Tamim akashuka, bado ana mchanga wa machimbo miguuni. Alikuwa na birika la kahawa mkononi.

"Umesahau hili, ami," alisema, akatazama chini.

"Umenifuata."

"Nimekaa nyuma yako tangu Firq. Kama ungekifikia kizuizi ningewaambia polisi gari lenu lina tairi bovu."

Shamsi alitaka kukasirika. Alichukua birika.

*

Khelef alizungumza na watu wa jabali kwa simu, akatembea huku na huko, akarudi. Haikuwa ngumu, alisema. Walii anaweza kumpa mtu mwingine uwakala amuozeshee binti yake. Lakini sheikh wa kuozesha hataki sauti ya simu mbele ya watu wote wale. Anataka maandishi ya mkono wa baba, na mashahidi wawili waliomwona akiandika.

"Wakala nani?" aliuliza Shamsi, ingawa alijua.

"Nani mwingine? Mimi." Khelef alisema hivyo bila mzaha. "Nitasema mimi, kakaangu. Samahani."

Mwenye duka la tende aliwapa meza, kalamu na karatasi ya daftari la wateja. Shamsi alikaa. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano. Khelef aliinama begani kwake.

"Andika kwamba umeumwa. Umeumwa ghafla. Hakuna atakayeuliza. Ukiandika ulikuwa unaogelea shimoni na vijana, babu yake Maen atafikiri milka ya mjukuu wake umeifanya ya pili."

Shamsi aliiweka kalamu juu ya karatasi bila kuandika. Kweli ilikuwa ni aibu. Aliwaona wanaume wa jabali wakipeana macho, aliusikia ule ukimya wa adabu ambao ni mkali kuliko kicheko cha soko. Mzee wa miaka sitini na saba na mapezi miguuni. Neno la ugonjwa lilikuwa jepesi, lenye herufi chache, na kila mtu angelipokea kwa pole.

"Uongo wa kahawa ndio uliotufikisha hapa," alisema. "Watu wanaompokea binti yangu sitawaanzia na wa pili."

Akaandika. Aliandika kwa Kiarabu, pole pole, kila herufi na nukta zake, mkono uleule uliofundishwa chini ya taa baada ya kazi.

Mimi, Shamsi bin Haidari, mwenye akili timamu na afya njema, nampa ndugu yangu Khelef bin Haidari uwakala wa kumuozesha binti yangu Alyaa kwa Maen, kwa ridhaa ya Alyaa na kwa mahari tuliyokubaliana. Sikuzuiwa na ugonjwa wala sikuzuiwa na dharau. Asubuhi ya leo nilizamia majini mara mbili, sikujua kwamba siku imesogezwa, na mzamiaji hapandi mlima mpaka saa zake zitimie. Kosa la kuwaficha watu wangu jambo hili ni langu peke yangu. Kwa mwenye nyumba, babu yake Maen, naomba radhi. Njia ikifunguliwa, wa kwanza kupanda kukusalimia nitakuwa mimi. Maneno ya kumuozesha mwanangu niliyajifunza kwa miezi minne ili niyaseme mbele yenu. Nayaandika hapa, nanyi myasome kwa sauti, ndipo ndugu yangu ayaseme kwa niaba yangu.

Na chini yake akayaandika.

Tamim alitia saini, na mwenye duka akatia yake, akauliza kama atume na tende. Khelef aliichukua karatasi aisome, miwani kwenye ncha ya pua, kalamu tayari mkononi, kama alivyosoma barua za wasaidizi wake kwa miaka thelathini. Alisoma mpaka mwisho. Alirudi juu akasoma tena. Kalamu akaifunga kifuniko.

"Hakuna pa kusahihisha," alisema. "Nitaomba wanipe niisome mimi mwenyewe. Sheikh ataiharakisha."

Mwanamvita alikuwa amekuja kusimama upande wa pili wa meza. Alikuwa bado amekasirika. Ilionekana kwamba atakasirika mpaka Ramadhani. Alinyoosha mkono, akamweka mumewe kilemba sawa, kisha akapitisha kidole juu ya ile duara nyekundu, taratibu, kana kwamba inaweza kupanguswa.

"Huko chini kuna nini?" aliuliza.

"Lori."

"Umeniongopea baridi mbili kwa ajili ya lori?"

"Na kuna kimya, Bi Mvita. Unasikia pumzi yako tu, inaingia, inatoka. Unajua kwamba uko hai."

Alilifikiria hilo. "Ukija tena kwenda, mimi ndiye nitakayekaa pale juu kulinda viatu," alisema. "Nikuone unavyotoka." Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha moja katika zile alizoziandaa kwa ajili ya kutunza wanawake wa jabali, akaitoa noti iliyokuwa ndani na kumkabidhi bahasha tupu.

Alyaa hakushuka garini kwa sababu ya hina, lakini alikuwa ameshusha kioo. Shamsi alimwendea. Hakuweza kumshika mikono, kwa hiyo alimshika kichwa, akambusu kwenye paji juu ya shela.

"Baba," alisema Alyaa, "sema mara moja. Nisikie mimi."

Akayasema. Alisimama kwenye kokoto, kati ya duka la tende na foleni ya magari, akayasema yote kwa Kiarabu, kwa sauti ya kawaida. Yule polisi alikuwa karibu, akazuia gari moja lisipite mpaka alipomaliza.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika saba, na Mwanamvita alikuwa amesharudi garini. Shamsi aliikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha. Alilamba gundi, akaukunja mfuniko, akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe moja mpaka nyingine mpaka ukashika. Juu yake aliandika jina la babu yake Maen na neno Saiq. Akampa Khelef kupitia dirishani. Khelef aliitia katika mfuko wa kifuani, akapachika gia, na gari likapita kizuizi, likaanza kupanda.